Video ya Harusi ya Jirani

Nianze na ile klotire, yaani uzio, maana bila hiyo nisingejua hata mlango wa mahakama unatazama upande gani. Ilikuwa ya miti ya mikaratusi iliyopigiliwa mabati chakavu, na jirani yangu aliisimamisha wakati mimi niko sokoni Kamembe nauza vitenge. Niliporudi jioni nilimkuta mama yangu amesimama na fimbo yake mbele ya bati, kimya, yeye ambaye hanyamazi hata akila.

"Bamefunga," akaniambia. "Njia bamefunga."

Nyumba yetu iko Giheke, chini kidogo ya mgongo wa kilima. Juu ndiko kuna barabara, kuna kanisa, kuna watu. Kati yetu na barabara kuna parsele ya jirani, kiwanja chake, na njia yetu tangu zamani ilipita kando ya nyumba yake, katikati ya safu mbili za miyenzi, ule mti wa maziwa meupe tunaoupanda mipakani. Njia nyingine ipo, sikatai. Unateremka bondeni, unavuka kijito, unapanda tena kwenye migomba ya watu. Mimi naipita nikiwa na furushi kichwani. Mama yangu aliwahi kuvunjika nyonga, na bondeni hata mbuzi huteleza.

Kwa hiyo ile klotire haikufunga njia tu, ilimfunga mama. Jumapili iliyofuata hakwenda kanisani. Mchana hakupanda kukaa kwenye kiti chake kando ya barabara, kusalimia kila apitaye na kumuuliza habari za watu wa kwao mpaka mtu anachelewa safari yake. Alikaa uani, akipepeta maharage ambayo yalikwisha kupepetwa.

Nikaenda kwa jirani. Nilizunguka kwa bonde, na kila hatua ya kupanda ilinichochea moto, na mimi moto wangu hauhitaji kuni nyingi. Jirani huyu ni mkubwa kwangu na mdogo kwa mama, mjane, na kama sisi ni Mnyarwanda aliyekulia Bukavu. Ndiyo maana sisi kwa sisi tunasemezana Kiswahili. Kinyarwanda ni cha ofisini. Kiswahili ndicho cha kusali, cha kusengenya, na siku ile kilikuwa cha kutukanana.

"Maman, kwa nini unatufungia?"

"Mbuzi zangu ziliibiwa. Bezi balipita wapi kama si hapa?"

"Kwa hiyo mimi njo mwizi sasa? Mama yangu na ile nyonga yake, njo alibeba mbuzi mgongoni?"

"Sikusema vile."

"Ulisema kwa bati!"

Akaingia ndani, akafunga mlango. Nikaendelea kusema na mlango. Majirani walisikia yote, na niliyoyasema mengine siyarudii hapa kwa kuwa mama yangu atasomewa.

Mtu wa nje atauliza: je, hati za ardhi zinasemaje? Ah! Hapo ndipo tulipojichimbia shimo wenyewe. Wapima ardhi walipopita zamani kusajili viwanja, walituuliza kama hapa kati kuna njia ichorwe. Mume wa jirani, Mungu amrehemu, alikuwa hai bado. Akacheka. Mama yangu naye akacheka. "Njia ya nini? Sisi ni nyumba moja." Kwetu kuandikisha kitu ulichopewa kwa moyo ni kama kumwambia mwenzako kwamba siku moja atakunyima. Ni tusi. Basi kwa adabu zetu wapimaji wakavuta mstari mmoja ulionyooka kama rula, njia yote ikaangukia kwake, na sote tukawapa wapimaji ndizi wakaenda zao.

Wapatanishi wa mtaa walitukalisha wakashindwa. Nikaenda mahakamani kwa niaba ya mama, bila avoka, yaani bila wakili. Jirani naye alikuja bila avoka. Tulipanda ngazi za mahakama tukipishana mabega, kila mmoja amevaa kitenge cha kanisani, hatusalimiani.

Mimi nilidhani ukishafika mahakamani jaji anakaa, unalia, anakupa haki. Kumbe kwanza kuna kikao cha kuandaa kesi. Mnakaa mezani na karani wa mahakama, ambaye sisi wote humwita grefiye, kila upande unasema una ushahidi gani na unataka nini kutoka kwa mwenzake, ili siku ya kesi yenyewe asiwepo wa kuchomoa kitu mfukoni kama mchawi. Grefiye wetu alikuwa mtu mpole, shati limepigwa pasi, anayeandika polepole. Akanigeukia.

"Mashahidi wako ni akina nani?"

Hapo nikakwama. Kilima kizima kinaijua ile njia. Lakini kilima kizima kilikuwa kimekula nyama ya harusi ya binti wa jirani, na kilima hicho hicho kimekula ubugali msibani kwetu. Niliyemwomba aje aseme alikuwa na homa. Mwingine akakumbuka safari ya Nzahaha. Mmoja, mzee mzima, aliniambia machoni kwangu kwamba yeye siku zote hutembea akitazama chini na hajui njia inapita wapi!

Basi wazo likanijia. "Nataka video," nikasema.

"Video gani?"

"Ya harusi ya binti yake."

Siku ya posa, ambayo kwetu ni sehemu ya harusi, ua wa jirani ulijaa hema mpaka langoni, hapakuwa na pa kupitishia wageni wa upande wa bwana harusi. Kwa hiyo tuliwakusanya uani kwetu, tukawapa maji, halafu wakapanda kwa msururu kwenye njia, wanawake na viseke, vile vikapu vya mfuniko, kichwani, kamera ikiwafuata. Kilima kizima kiliiona video hiyo. Mwaka ule ukimtembelea jirani hukupewa chai kabla hujaonyeshwa harusi. Halafu mumewe akafa, na tangu hapo hakuna aliyeiona tena. Nilijua kwamba flashi yenye video hiyo ameifunga kwenye kitambaa akaiweka kwenye valizi, sanduku lake la nguo.

Jirani alisema hana. Grefiye akamtazama tu, wala hakukasirika, na jirani akainamisha kichwa.

"Iko," akasema. "Lakini siitoi."

Oho! Hapo nikajua nimemshika. Mtu haogopi kuonyesha kitu ambacho hakimuumbui. Grefiye akafunga faili lake, akasema ubishi huu si wake kuukata, ataupeleka kwa jaji. Tukarudi nyumbani kila mtu kwa njia yake, yaani yeye kwa barabara na mimi kwa bonde.

Jaji alikuwa mwanamke mwenye mafua. Alitoka mbali na huku kwetu, Kiswahili alikisikia kidogo tu, kwa hiyo tulisema Kinyarwanda, isipokuwa pale hasira ilipotupeleka tulikozoea. Kabla hatujasema neno, alitueleza kwamba siku ile haamui njia ni ya nani. Anaamua jambo moja: video itolewe au isitolewe.

Nikasimama. Nikasema nilichokuja nacho, kisha nikaongeza ambacho sikuja nacho. Nikamgeukia jirani, nikampa kwa Kiswahili: "Mficha uchi hazai!"

"Nimezaa sita," akanijibu bila kugeuka.

Grefiye alikohoa kabla ya kumtafsiria jaji. Jaji akapenga kamasi, na mpaka leo sijui kama nyuma ya kitambaa kile hakuwa anacheka.

Akamwuliza jirani kwa nini hataki. Jirani alisimama ameshika ncha ya kitenge chake. Alisema ile ni ya nyumba yake. Akasema mimi nitaitia kwenye status ya simu yangu, watu wa Kamembe na Bukavu waiangalie wakinywa fanta. Kisha Kinyarwanda chake kikakatika, akasema kwa lugha yetu, taratibu:

"Bwana yangu iko mule ndani. Anacheka. Mimi mwenyewe siwezi kumuangalia tangu alikufa. Sitaki bamuangalie juu ya kesi."

Nitasema ukweli, lilinigusa. Lakini nilimkumbuka mama na maharage yake, nikaukaza moyo.

Jaji akanigeukia. "Unataka sehemu gani ya video hiyo?"

"Yote!"

"Yote ya nini? Njia inaonekana wakati wa keki?"

Jaji akainua kalamu.

"Hotuba? Chakula? Kuna njia kwenye sahani?"

"Wakati wageni wanaingia," nikasema, na sauti yangu ilikuwa imepungua.

Aliandika, akapiga chafya, akaandika tena, halafu akatusomea. Jirani ataileta flashi kwenye mahakama. Itaangaliwa chumbani kwa grefiye, na wenye kesi tu. Itaangaliwa kuanzia wageni wanapotokea mpaka wanapoketi, basi. Hakuna kuinakili, hakuna simu chumbani, na flashi inarudi na mwenyewe siku ile ile. Asipoileta, mahakama itakuwa na haki ya kuhesabu kwamba yaliyomo ni yale ninayoyasema mimi. Akamaliza, akamtazama jirani juu ya miwani yake, akasema: "Mahakama inatafuta njia, Mama. Haimtafuti marehemu."

Nilitoka nimenuna. Nilitaka yote nikapewa kipande, na kipande chenyewe nisikiguse. Njiani nikaanza kupiga hesabu nyingine: jirani akikataa kuileta, nimeshinda bila jasho! Nikamwambia mama usiku, wakati wa kula, kwamba tuombe akatae.

Mama akaweka kijiko chini. "Mimi sitaomba vile. Muntu akificha uso wa bwana yake, si juu anakuchukia. Wewe hujafiwa na bwana, unyamaze."

Nikanyamaza, ambalo kwangu ni tukio.

Siku ya kuangalia, mama alisema atakuja. Kesi ni yake, wenye kesi wameruhusiwa. Kumtoa nyumbani kulikuwa kazi! Vijana wa bondeni walimvusha kijito kwenye kiti chake, wamemnyanyua kama askofu, naye anawapa amri wapi pa kukanyaga. Alikuwa amevaa viatu vya kanisani. Tulipofika kwa grefiye jirani alikuwapo tayari, ameketi wima, na kitambaa kimefumbwa mkononi. Alipomwona mama na matope yale miguuni, akageuza uso akatazama dirisha. Alikuwa hajui. Nyumba yake inatazama barabarani, na tangu alipoweka bati hakuwahi kuona tunavyotoka.

Grefiye alikusanya simu zetu akazitia kwenye droo. Akaweka flashi kwenye kompyuta, akatafuta, na ghafla chumba kikajaa ngoma na vigelegele, mpaka mlinzi akachungulia mlangoni.

Njia ilikuwa pale. Sijui niseme nini zaidi. Miyenzi huku na huku, mirefu, imekatwa vizuri kwa heshima ya wageni, na udongo mwekundu katikati umekandamizwa na miguu yetu ya miaka yote. Juu, mdomoni mwa njia, amesimama mume wa jirani na kofia yake, akiwapungia wageni wapande, wapande, kwa mkono wote. Jirani akatoa sauti ndogo. Si kilio. Ni ile sauti anayotoa mtu aliyekanyaga maji baridi.

Na mbele ya wageni, akiwaongoza, alikuwa mama yangu.

Nilikuwa nimesahau. Namna gani mtu anasahau? Amevaa mshanana wa manjano, vazi letu la sherehe, amenyanyua mikono kama pembe za ng'ombe, anacheza. Anacheza kwa mabega, kwa shingo, anapanda kilima kinyumenyume akiwatazama wageni, nyonga zake zote mbili zikiitika ngoma. Anafika kwa mume wa jirani, naye anavua kofia anainama mbele yake, na kamera inatikisika kwa sababu hata mpiga picha anacheka.

Nikamtazama mama kwenye kiti. Mkono wake uliokuwa juu ya fimbo ulikuwa unanyanyuka kidogo kidogo, unarudi.

Wageni wakaketi. Mume wa jirani akashika kipaza sauti, akafungua mdomo, na grefiye akasimamisha. "Amri inaishia hapa," akasema, na kusema kweli hata yeye alisema kama mtu anayeomba radhi. Pale kwenye kioo marehemu alibaki na mdomo wazi.

"Acha kwanza," jirani akasema.

"Mama, jaji amesema..."

"Jaji alikataza juu yangu. Mimi nasema endelea." Akatugeukia, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kututazama tangu lile bati. "Kama bale wengine hawakatai."

Mimi niliyepigania yote! Niliitikia kwa kichwa tu. Mama akasema, "Endelea, mwanangu, muzee asikae na mdomo wazi."

Marehemu hakusema lolote kuhusu njia, asije mtu akafikiri. Alisema mkwe ana miguu myembamba na ng'ombe alioleta wanene, afadhali binti aolewe na ng'ombe. Watu wa video wakacheka. Jirani akacheka nao, machozi yakimshuka mpaka kidevuni wala hafuti, na akarudia mzaha wenyewe neno kwa neno kabla marehemu hajaumaliza. Mama alikuwa anajipigapiga gotini kwa kicheko. Mimi nililia, naam, nikalia kwa kelele, mimi ambaye nilikuja kushinda. Grefiye aliandika kwenye karatasi zake kile kipande cha kwanza tu, kile kilichoamriwa.

Ilipokwisha, mama akamwomba grefiye amtilie ile video kwenye simu yangu, apate kujiona nyumbani. Grefiye akasema haiwezekani, amri inasema hakuna kunakili.

"Ni vile," jirani akasema, na alikuwa anakifunga kitambaa chake polepole. "Mimi naheshimu mahakama. Maman, ukitaka kujiona, utakuja kwangu."

"Nitapita wapi?" mama akauliza.

Hakuuliza kwa kumchoma. Mama yangu hana mchezo huo, aliuliza kwa kuwa alitaka kujua. Mimi, kwa neema ya Mungu, niliuma ulimi wangu mwenyewe.

Jirani akafunga fundo, akalifungua, akalifunga tena.

"Utapita kule unapitaka siku zote," akasema.

Kesho yake asubuhi tulisikia panga kwenye miti. Mbuzi ni mbuzi na wezi wapo, hilo nalo ni kweli, kwa hiyo tulikubaliana kuweka mlango wa bati unaofungwa usiku, ufunguo mmoja kwake, mmoja kwetu. Tulirudi mahakamani kuyasema mapatano yetu mbele ya jaji, na safari hii njia ilichorwa, mita kwa mita. Hakuna aliyecheka wala aliyeona ni tusi. Jaji alikuwa amepona mafua.

Sasa ni kila Jumapili. Mama akitoka kanisani hashuki moja kwa moja. Anaingia kwa jirani, wanafunga mlango, wanatoa flashi kwenye valizi, na mimi nikiwa uani kwetu nasikia ngoma zile zile, vigelegele vile vile, halafu wazee wawili wakicheka miguu ya mkwe. Nyonga haijapona na haitapona. Lakini anateremka ile njia jioni taratibu, fimbo mkono mmoja, na ule mwingine umenyanyuka hewani.

Majuzi nilikuwa nao pale. Jirani aliingia jikoni kutazama chai, flashi iko kwenye televisheni, na mimi nikaona nafasi ndiyo hii. Nikatoa simu. Nikamnong'oneza mama, "Niirekodi haraka? Utakuwa unaiangalia nyumbani, hata siku za mvua."

Mama akanipiga mkono kwa fimbo.

"Weka ile kitu mbali," akasema. "Ukishaikopi, mimi nitakuja huku kutafuta nini?"

Nikarudisha simu mfukoni. Jirani akaingia na chai.